Kuchagua Kicheza Muziki cha Mkononi kwa Fedha Kidogo

Kicheza muziki cha mkononi, ambacho madukani huitwa kwa kifupi MP3 hata pale kinaposoma faili za aina nyingine, ni chombo chenye kazi tatu tu: kuhifadhi sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, kuzirudisha tarakimu hizo kuwa mawimbi ya umeme, na kuyasukuma mawimbi hayo hadi kwenye spika za masikioni. Kazi ya pili ndiyo inayotangazwa zaidi kwenye maboksi, ilhali ndiyo ambayo siku hizi vyombo vya bei ya chini havipishani sana. Ya kwanza na ya tatu, yaani mahali sauti inapokaa na mahali inapotokea, ndizo zinazomtia hasara mnunuzi mwenye bajeti finyu. Kwa hiyo rai inayoongoza maelezo haya ni moja: mwenye fedha kidogo anunue chombo cha kawaida, kisha fedha inayobaki aielekeze kwenye kadi ya kumbukumbu iliyo halisi, betri inayobadilika na hedifoni nzuri, badala ya kuimaliza yote kwenye chombo chenye kioo kikubwa kilichofungwa pamoja na kadi ya kubahatisha.

Ili rai hiyo ieleweke, yafaa kwanza kujua faili ya MP3 ni kitu gani. Katika diski ya CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, biti ikiwa ndiyo chembe ndogo kabisa ya taarifa katika kompyuta, ama sifuri ama moja; na kwa kuwa pande ni mbili, wa kushoto na wa kulia, sekunde moja hudai biti zipatazo 1,411,000, na dakika moja ya muziki hula zaidi ya megabaiti 10. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, ambao miongoni mwao alikuwamo Karlheinz Brandenburg, walishiriki kubuni njia ya kuziacha zile sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu halizipati kwa sababu zimefunikwa na sauti nyingine zenye nguvu zaidi, na mwaka 1995 faili zilizobanwa kwa njia hiyo zikapewa mkia wa jina unaojulikana leo. Vicheza muziki vya kwanza vya mkononi vya aina hii vilianza kuuzwa mwaka 1998, na kimojawapo, Rio PMP300, kilikuwa na megabaiti 32 tu, ambazo kwa ubanaji wa kawaida hazikutosha kubeba kanda moja ya kaseti ya dakika 60. Mpango wa kutoza leseni za hataza za MP3 ulikomeshwa mwaka 2017, na chipu ya kuzisoma faili hizo imekuwa rahisi kiasi kwamba huwekwa hata ndani ya redio za mezani na spika za kwenye bajaji. Ndiyo maana si busara kulipa zaidi kwa ajili ya sifa ambayo kila chombo kinayo.

Ukubwa wa faili hutegemea kima cha biti, yaani idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya sauti. Wimbo uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, na uliobanwa kwa kilobiti 320 hula megabaiti 2.4, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130 za ule wa kwanza na saa 55 hivi za ule wa pili. Iko pia aina iitwayo FLAC, ambayo hubana bila kupoteza chochote na kwa kawaida hupunguza ukubwa wa CD hadi nusu au zaidi kidogo ya nusu. Ni aina nzuri kwa kuweka akiba nyumbani, lakini anayesikiliza ndani ya daladala kwa hedifoni za kawaida hatapata faida inayolingana na nafasi inayoliwa. Jambo la kutahadhari ni hili: wimbo uliokwisha kubanwa kwa kilobiti 128 ukigeuzwa kuwa wa 320 huongezeka ukubwa tu, kwa maana kilichotupwa hakirudi, na vibanda vya kurusha nyimbo vinavyojisifia ubora wa 320 mara nyingi huwa vimefanya hivyo hivyo.

Swali linalopaswa kutangulia bei ni kuhusu kitu kitakachosikilizwa, kwa sababu chombo kinachomfaa mpenzi wa Bongo Fleva kinaweza kumchosha kabisa msikilizaji wa taarab, mawaidha au mahubiri. Wimbo wa dakika tatu ukikatika njiani huanzishwa upya bila maumivu. Wimbo wa taarab unaopita dakika 15, au hotuba ya saa nzima, ukikatika dakika ya 40 kwa sababu chombo kimezimwa, hugeuka adhabu iwapo chombo hicho hakikumbuki kilipoishia, na vingi vya bei ya chini kabisa hukumbuka wimbo lakini havikumbuki dakika. Uwezo huu hauandikwi kwenye boksi mara nyingi, bali hupimwa dukani: faili ndefu ianzishwe, isogezwe mbele hadi katikati, chombo kizimwe kabisa, kiwashwe tena, kisha isikilizwe kinaanzia wapi. Jaribio hilo hilo hufichua kasi ya kusogeza mbele, maana viko vyombo ambavyo kidole hubaki kimebonyeza batani dakika nzima ili kuvuka robo saa ya hotuba.

Mpangilio wa faili nao una vituko vyake, na hapa ndipo malalamiko mengi ya wanunuzi hutokea bila chombo kuwa kibovu. Vicheza vingi visivyo na kioo, vile vidogo vya kubana kwenye ukosi wa shati, havipangi kwa majina ya faili. Hufuata tu utaratibu ambao faili hizo ziliandikwa katika orodha ya kadi. Mfano ulio wazi ni wa mtu aliyepakia usomaji wa Kurani wenye faili 114, moja kwa kila sura. Kwenye kompyuta zimejipanga vizuri, lakini akizichagua zote na kuziburuta kwa kipanya, mara nyingi ile iliyoshikwa na kipanya hutangulia kunakiliwa, na zilizobaki hufuata. Akifuta sura moja yenye kasoro na kuweka nyingine, ile mpya huweza kuchukua nafasi yoyote iliyoachwa wazi katika orodha. Matokeo yake sura ya 36 hufuatwa na ya 1, na msikilizaji hudhani chombo kimerogwa. Vyombo vyenye kioo navyo, ambavyo hupanga kwa majina, huweza kuiweka 10 na 100 kabla ya 2, kwa sababu hulinganisha herufi moja moja badala ya kusoma namba nzima. Dawa ya yote mawili ni kuzipa faili majina yanayoanza na 001, 002, 003 na kuendelea, kuiacha kadi tupu, kisha kunakili folda nzima kwa mara moja. Na palipo na kadi iliyokwisha kuvurugika, programu ya bure iitwayo FATSort huipanga upya orodha hiyo bila kunakili tena.

Kuhusu majina yanayoandikwa kwenye vyombo, msomaji asishangae kukuta vingine vikiitwa MP4, MP5 au hata MP6 kana kwamba ni madaraja ya shule. MP4 ni jina halisi la faili inayobeba picha na sauti pamoja, lakini vyombo vingi vilivyobandikwa jina hilo haviwezi kuzisoma faili zenyewe mpaka zigeuzwe kuwa za aina nyingine, na hayo majina ya juu zaidi ni ya wauzaji tu. La maana ni kuuliza kama chombo kinasoma faili zenye mkia wa m4a na opus, kwa sababu rekodi nyingi zinazofanywa kwa simu huhifadhiwa kwa aina ya kwanza, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa aina ya pili. Chombo kisichozisoma hakitatoa onyo. Kitaziruka kimya kimya. Programu ya VLC, ambayo ni ya bure, huzigeuza kuwa MP3, na kwa sauti ya kusema kilobiti 64 hutosha kabisa.

Kadi ya kumbukumbu, ile ndogo kama ukucha ambayo wauzaji huiita memori, ndiyo bidhaa inayoghushiwa kuliko zote katika biashara hii. Ughushi wenyewe ni wa ufundi: ndani ya kadi mna chipu inayoitangazia kompyuta ukubwa wa kadi, na chipu hiyo hurekebishwa ili iseme gigabaiti 64 wakati nafasi iliyopo kweli ni 8. Nyimbo za mwanzo huingia na kulia vizuri, jambo linalomtuliza mnunuzi. Zile zinazozidi nafasi halisi ama hufuta za mwanzo ama hubaki majina matupu, ambayo yakibonyezwa hutoa ukimya au mkwaruzo. Upungufu mdogo usichukuliwe kuwa dalili ya udanganyifu, kwa kuwa watengenezaji huhesabu gigabaiti kwa maelfu na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, kwa hiyo kadi halali ya 8 huonekana kuwa na 7.4 na ya 32 kuwa na 29.8 hivi. Rangi ya maandishi na usafi wa pakiti si ushahidi, maana hata pakiti huigizwa. Kipimo cha kuaminika ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena, kazi inayofanywa na programu za bure kama H2testw au F3. Kwa kasi ya megabaiti 10 kwa sekunde, kuijaza kadi ya gigabaiti 32 huchukua karibu saa nzima, muda ambao muuzaji hatauvumilia, na ndiyo maana makubaliano ya kurudisha yanapaswa kufanywa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Aidha, mnunuzi aangalie ukubwa wa kadi ambao chombo kinakubali. Vyombo vingi vya bei ndogo huishia gigabaiti 32, kwa sababu kadi za hadi ukubwa huo hutumia mpangilio wa FAT32, na kadi kubwa zaidi huja na mpangilio mwingine uitwao exFAT ambao vyombo hivyo havijafundishwa. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo si hasara. Kadi ya 16 iliyo halisi, pamoja na nakala ya nyimbo zote mahali pengine, ni mali zaidi kuliko ya 128 iliyookotwa kwenye meza ya barabarani.

Pamoja na hayo yote, huenda mnunuzi hahitaji kununua kicheza muziki kabisa. Simu ndogo ya batani, ambayo Tanzania huitwa kitochi au kiswaswadu na Kenya huitwa kabambe, mara nyingi ina tundu la kadi, tundu la hedifoni, redio ya FM, tochi, na betri kubwa kuliko ya kicheza chochote cha bei yake, na huuzwa na kutengenezwa katika kila mji. Kasoro zake ni orodha ya nyimbo iliyo ya kubahatisha na sauti inayokatwa na kila ujumbe unaoingia, ingawa ya pili huondoka kwa kuitumia bila laini. Hata simu iliyozuiwa mtandaoni, kama zile za bandia zilizofungiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwezi Juni 2016, huendelea kupiga muziki bila taabu, kwa kuwa kinachozuiwa ni mawasiliano tu. Pamoja na hivyo, simu zilizoibwa nazo huzuiwa kwa njia hiyo hiyo, na anayeuziwa simu nzuri kwa bei ya kutupa kwa sababu tu haishiki mtandao anapaswa kuuliza imetoka wapi.

Upande wa betri, takwimu ya kutazamwa ni mAh, kipimo cha kiasi cha umeme unaohifadhiwa: betri ya mAh 200 katika chombo kinachotumia miliampia 25 hudumu kwa makadirio saa nane, na chombo hicho hicho kikiunganishwa kwa Bluetooth hudumu muda mfupi zaidi kwa sababu redio yake ndogo nayo hula umeme. Lililo zito zaidi ni kama betri hutoka. Betri za lithiamu huchoka, na baada ya kuchajiwa mara mia chache huanza kushika chaji kwa muda mfupi. Iliyogundishwa ndani ya kicheza cha bei ndogo huondoka na chombo chote. Vyombo vinavyotumia betri ya aina ya BL-5C, ile iliyozoeleka katika simu za Nokia na ambayo sasa imo ndani ya redio na spika nyingi ndogo, huwa vikubwa na havipendezi mfukoni, lakini betri hiyo hupatikana hata kwenye duka la vocha kijijini, na kwa anayeishi mbali na mafundi urahisi huo ni bora kuliko wembamba. Tundu la chaji nalo lisipuuzwe: vicheza vidogo vya mtindo wa zamani bado huja na tundu la mini-USB, ambalo waya wake umekuwa adimu, ilhali waya wa micro-USB au wa USB-C unaweza kuazimwa kwa jirani. Joto huua betri hizi mapema, kwa hiyo chombo hakifai kuachwa juu ya dashibodi ya gari mchana.

Hedifoni zinazokuja ndani ya boksi kwa kawaida huwepo ili boksi lisiwe tupu. Kwa kila shilingi kumi za bajeti, kutenga nne kwa chombo, mbili kwa kadi na nne kwa hedifoni si ubadhirifu, kwa maana tofauti inayosikika kati ya hedifoni mbaya na ya wastani ni kubwa kuliko ile iliyopo kati ya vicheza viwili vya bei tofauti. Zinazozama ndani ya tundu la sikio na kuja na mipira ya ukubwa mbalimbali zina faida ya pekee: huzuia kelele za nje, na msikilizaji halazimiki kuongeza sauti ili kushindana na injini. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo salama kwa nusu. Mwenye hedifoni isiyoziba, ndani ya basi lenye kelele, huvuka kiwango hicho bila kujua. Kwa anayetembea kando ya barabara uzibaji huo huo ni hatari, na sikio moja libaki wazi.

Tundu la hedifoni ndicho kiungo kinachochakaa mapema zaidi. Lipimwe kwa kuingiza pini, kuanzisha wimbo, na kuizungusha pini taratibu kwa vidole viwili: sauti ikikatika upande mmoja au ikikwaruza, chombo kirudishwe kwenye meza hata kama ni kipya. Kisha wimbo usimamishwe huku chombo kikibaki kimewashwa, na msikilizaji asikilize ukimya wenyewe. Mvumo mwembamba unaosikika wakati hakuna wimbo, kama wa mvua ya mbali, ni wa amplifaya dhaifu, na hakuna hedifoni itakayouondoa; tena hedifoni zenye wepesi mkubwa wa kutoa sauti huudhihirisha zaidi.

Wapo wanaopendelea vyombo vya mtumba vya majina makubwa. iPod, iliyotoka mwaka 2001 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2022, ina sauti nzuri na umbo la kudumu, lakini haikubali kupakiwa nyimbo kwa kunakili faili tu kama flashi: nyimbo hupitia programu ya iTunes au mrithi wake, na faili iliyotupwa ndani moja kwa moja haionekani kwenye orodha. Zile zenye diski inayozunguka zina moyo dhaifu zaidi, na mlio wa kugonga ndani ni dalili ya kutozinunua. SanDisk Clip+ na Clip Zip, kwa atakayezikuta zikiwa na betri nzima, zina tundu la kadi na huweza kuwekewa Rockbox, programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani na kukifanya chombo kidogo kisome aina nyingi za faili, kipange folda kama mwenyewe apendavyo na kukumbuka dakika kilipoishia. Kazi ya kuiweka inahitaji kompyuta na uvumilivu wa jioni moja.

Mahali pa kununulia, iwe mtaa wa Aggrey kule Kariakoo, Darajani kule Unguja au Luthuli Avenue jijini Nairobi, bei ya kwanza kutajwa huwa si bei. Kariakoo mnunuzi anaweza kupokelewa na winga, yaani mtu anayempeleka mteja kwenye duka lisilo lake na kuishi kwa kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka. Hakuna ubaya katika kazi hiyo, lakini winga hawezi kubeba dhamana ya bidhaa, kwa hiyo risiti itoke kwa mwenye duka, na iandike jina la chombo pamoja na ukubwa wa kadi kwa tarakimu. Mnunuzi aende na kadi yake ndogo iliyokwisha kupakiwa faili za kujaribia: hotuba moja ndefu, wimbo mmoja anaoujua kwa moyo, faili moja ya m4a, na folda moja yenye faili kumi na mbili zilizopewa namba. Dakika kumi mbele ya kaunta hutosha kwa majaribio yote yaliyotajwa, isipokuwa la kadi mpya.

Hilo la kadi hufanywa nyumbani siku ile ile, kabla kadi haijazoeleka na risiti haijapotea. Ikiwa hakuna programu ya kupimia, kadi ijazwe nyimbo mpaka kompyuta ikatae kuongeza hata moja, itolewe, irudishwe, kisha zisikilizwe za mwanzo kabisa, chache za katikati, na ile ya mwisho kuingia, kila moja mpaka tamati yake. Zikilia zote, kadi inaweza kuanza kazi. Ikinyamaza hata moja, irudishwe dukani kesho yake asubuhi ikiwa bado imejaa hivyo hivyo, kwa sababu kadi tupu haimwonyeshi muuzaji kitu.